Muhogo ardhini, ng'ombe njiani: historia ya kiangazi katika Fizi

Baraka, Fizi. – Mvua ikishakatika mwishoni mwa mwezi wa tano, kazi mbili zinaanza kwa wakati mmoja katika wilaya ya Fizi. Wafugaji wa nyanda za juu za Itombwe na Minembwe wanaona majani yao yanakauka, wanaanza kushusha ng'ombe kuelekea Lulenge, Ngandja na mabonde ya Mutambala, ambako mito bado ina maji. Wakulima wa huko chini nao wanaangalia mashamba yao ya muhogo, ambayo ndiyo chakula chao hadi mvua irudi mwezi wa tisa au wa kumi. Ng'ombe wanashuka, na muhogo uko palepale ardhini. Hapo ndipo ugomvi wa Fizi unapoanza karibu kila mwaka, na hapo pia ndipo amani ya zamani ilipokuwa ikitengenezwa.

Wengi, hasa vijana waliozaliwa kambini Lugufu au Nyarugusu, wameisikia habari hii kama habari ya makabila tu: Wabembe na Wabuyu wana jembe, Wanyamulenge wana ng'ombe, basi hawapatani. Maelezo hayo ni mafupi mno. Hayasemi kwa nini kulikuwa na miaka mingi ambayo ng'ombe walishuka na kupanda bila mtu kufa. Wala hayasemi kwa nini moto unawaka mwezi wa saba kuliko mwezi wa kwanza. Anayetaka kuelewa aanze na muhogo.

Ghala lisilo na mlango

Muhogo si mmea wa asili ya hapa. Ulitoka Brazil, Wareno wakauleta pwani ya Atlantiki katika karne ya 16, kisha ukatembea mkono kwa mkono hadi kwenye maziwa makuu. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, muhogo ulikuwa tayari unalimwa ng'ambo ile ya ziwa Tanganyika. Lakini siku hizo haukuwa peke yake. Watu waliishi pia kwa ndizi, nafaka, uwindaji na samaki.

Waliousukuma mbele ni Wabelgiji. Mwaka 1917, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya kikoloni ilitoa amri ya mashamba ya lazima kwa Kongo yote. Kila kijiji kilipangiwa kulima nini na kiasi gani. Nia yao haikuwa huruma. Walitaka chakula cha askari na cha wafanyakazi wa migodi, na walitaka pamba ya kupeleka Ulaya. Katika miaka ya 1930 sheria ilimdai mwanaume wa kijijini siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita vya pili, zikapandishwa hadi 120. Aliyekataa alifungwa.

Muhogo ulipendwa na wakubwa hao kwa sababu moja kubwa: unavumilia ukavu. Mwaka 1928 na 1929 njaa iliyoitwa Rwakayihura iliua watu wengi Rwanda baada ya mvua kukosekana. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wabelgiji haohao, na jibu lao lilikuwa kuwalazimisha watu wapande muhogo. Njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 ikawathibitishia kwamba kijiji kisicho na akiba ardhini hakipiti ukame. Mawazo hayo yalivuka mto Ruzizi bila shida, maana watawala walikuwa wa bendera moja.

Mahindi na maharagi huvunwa yote, yakapelekwa nyumbani. Muhogo hauko hivyo. Unaweza kuchimbwa baada ya miezi tisa au kumi, lakini pia unaweza kuachwa ardhini mwaka mmoja na nusu, hata miaka miwili. Mama anachimba wa wiki hii, mwingine anauacha. Shamba lenyewe ndilo ghala, na ghala hilo halina ukuta wala mlango.

Katika nchi za Sahel, kama Niger, mfugaji na mkulima wana kawaida ambayo Fizi haiwezi kuiiga moja kwa moja. Huko mtama unavunwa wote, shamba linabaki mabua matupu, ng'ombe wanaingia kula mabua na kuacha samadi. Kinachobaki ni kupanga tarehe ya kufungua mashamba, na Niger iliweka jambo hilo katika sheria yake ya ufugaji ya mwaka 2010. Fizi haina siku ya kufungua mashamba. Muhogo uko ndani mwezi wa pili, uko ndani mwezi wa saba, uko ndani krismasi. Anayesema wafugaji wangoje mavuno yaishe kwanza hajalima muhogo.

Majani ya mfugaji

Mfugaji naye ana ghala lake. Wafugaji waliokuwa wameshafika Itombwe kabla ya utawala wa Wabelgiji walichagua milima kwa sababu zinazoeleweka. Juu kuna baridi, na baridi inazuia mbung'o anayeleta nagana. Kupe pia ni wachache kuliko bondeni. Mwambao wa ziwa, kinyume chake, ulikuwa na sifa mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizunguka ziwa Tanganyika na kuhamisha vijiji. Mfugaji mwenye akili hakulaza ng'ombe wake chini bila sababu.

Sababu ilikuwa kiangazi. Majani ya juu yakishakuwa makavu kama fagio, maziwa yanapungua, ndama wanadhoofika. Bondeni, kando ya mito kama Kimbi, Luama na Mutambala, kunabaki ukijani. Basi mfugaji anapima: akae juu ng'ombe wafe kwa njaa, au ashuke na kupambana na kupe na mbung'o kwa miezi mitatu au minne. Kwa hiyo kushuka si matembezi, ni akiba ya mwisho. Nyasi za bondeni kwa mfugaji ni kama muhogo ulioachwa ardhini kwa mkulima: kitu cha kutumia wakati vingine vyote vimekwisha.

Kwa hiyo kila mwezi wa saba akiba mbili zinakutana mahali pamoja. Hakuna upande ulio na njaa ya kujifanya.

Itulo

Kilichoziweka akiba hizo mbili pamoja bila vita kiliitwa itulo. Wengine hutamka ituro. Mfugaji anayeshuka alikwenda kwanza kwa chifu wa eneo na kutoa kitu kwa ajili ya majani: ng'ombe, kwa kadiri ya kundi lake, na baadaye pesa. Watu wa leo wakisikia itulo wanafikiri kodi. Ilikuwa zaidi ya kodi. Kwa kutoa, mfugaji alikubali kwamba ardhi ina mwenyewe. Kwa kupokea, chifu alikubali kwamba mgeni huyu anajulikana, na yeye ndiye atakayeulizwa likitokea neno. Mpokeaji ndiye aliyeonyesha njia ya kupita, mahali pa kulaza, na mto wa kunywesha. Ng'ombe wakivunja shamba, mwenye shamba alijua aende kwa nani.

Tena pande hizo mbili zilikuwa na haja ya kila siku. Maziwa na siagi vilishuka, unga wa muhogo, mawese na ndagala vikapanda. Walikuwapo Wabembe waliokuwa na ng'ombe na kuwaweka kwa wafugaji wa juu wawachungie. Mtu ambaye ng'ombe wake wako katika zizi la mwenzake hafurahii zizi hilo lichomwe.

Si kwamba kulikuwa na paradiso. Itulo ilimpa chifu nguvu na mali, na wakulima wa kawaida mara nyingi hawakuona chochote. Chifu alikula ng'ombe, mwenye shamba akabaki na mashina yaliyokanyagwa. Ubovu huo ulikuwamo tangu mwanzo, na ndio uliokuja kufunguka kama kidonda wakati bunduki zilipofika.

Maji ya muhogo na maji ya ng'ombe

Katika mikutano wanaume wanazungumzia mipaka ya mashamba. Maji yanasemwa kidogo, kwa sababu kazi ya maji ni ya wanawake.

Muhogo mchungu una sumu. Ili uwe chakula, mama anaulowesha majini siku tatu au nne hadi ulainike, kisha anaumenya, anauanika, anautwanga. Wakati wa mvua kila kijito kinafaa. Kiangazi kikikaza, vijito vinakatika, yanabaki madimbwi machache, na kundi la ng'ombe hamsini wenye kiu linakuja kwenye dimbwi lilelile. Ng'ombe wanachafua maji ya muhogo. Maji ya muhogo, yenye sumu iliyotoka katika mizizi, hayamfai ng'ombe. Ugomvi mwingi ambao baadaye ulifika kwa chifu, au kwa polisi, ulianza kwa kina mama kando ya dimbwi.

Na mama akikosa maji, au akikosa muda kwa sababu watoto wana njaa, anafupisha kulowesha. Hatari yake inajulikana. Daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa wa Kwango, magharibi ya Kongo, unaopooza miguu ghafla, hasa ya watoto na wanawake. Wenyeji waliuita konzo. Mwaka 1981 ukame ulipopiga kaskazini ya Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipatwa na ugonjwa huohuo. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, Tanzania, tena baada ya ukame. Kila mahali habari ni moja: mvua zinakosekana, unabaki muhogo mchungu peke yake, samaki na maharagi hamna, na muhogo unaliwa kabla sumu haijatoka. Muhogo unavumilia ukavu, ndiyo, lakini mlaji wake anahitaji maji kuliko mlaji wa mahindi. Wabelgiji walipoulazimisha hawakuliweka hilo katika hesabu.

Kwa vijiji vya mwambao kuna maji ya ziwa, mengi kuliko mtu anavyoweza kumaliza. Lakini Baraka na vijiji vyake vimeishi na kipindupindu miaka mingi, na watu wanaochota ziwani bila kutia dawa wanajua wanachota nini.

Ziwa nalo lina miaka yake

Ziwa lenyewe ni daftari la mvua na ukame. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Maji yakazidi kupanda, hadi karibu mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Mmisionari Edward Hore, aliyekaa Ujiji, aliona Lukuga ikitoka kwa nguvu mwaka 1879. Kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Ardhi tambarare kubwa ikafunguka kando ya ziwa, ardhi yenye rutuba na unyevu hata wakati wa kiangazi.

Kisha mvua za 1961 hadi 1964 zikalipandisha tena, na mashamba mengi ya chini yakaingia majini. Likashuka. Mwaka 2021, na tena 2024, likapanda hadi kama mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo cha 1964 au zaidi. Uvira, Baraka, Kalemie na Bujumbura zote zilipoteza nyumba na barabara.

Mtu atauliza mafuriko yanaingiaje katika habari ya ukame. Yanaingia hivi: familia iliyopoteza shamba la mwambao haiachi kula. Inapanda mlimani au inaingia bonde la mto kutafuta pa kupanda muhogo. Bonde hilo la mto ndilo majani ya kiangazi ya mfugaji. Kwa hiyo mwaka wa maji mengi ziwani unaleta ugomvi wa majani miezi michache baadaye, kilomita nyingi kutoka ziwani, na wanaogombana wanaweza wasijue kwamba ziwa ndilo lililowakutanisha.

Bunduki inapochukua nafasi ya chifu

Maasi ya Simba yaliingia Fizi mwaka 1964. Milima ya Fizi na Baraka ikawa ngome ya Laurent-Désiré Kabila na wenzake. Che Guevara mwenyewe alikaa huku kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi na moja mwaka 1965. Habari hizo zinajulikana. Linalosahaulika ni kwamba waasi walikula ng'ombe. Jeshi la msituni lisilo na mishahara linaangalia zizi na kuona chakula. Wafugaji waliopoteza makundi yao waligeukia upande wa serikali, na kutoka 1966 wengi walihama Itombwe, wakasogea kusini kuelekea Minembwe na Lulenge, wengine hadi Vyura, upande wa Moba, wengine wakashuka hadi Baraka. Kuhama huko kulisogeza malisho karibu zaidi na mashamba. Pia kuliacha damu kati ya watu waliokuwa wakibadilishana siagi na mawese.

Halafu ikaja sheria. Tarehe 20 mwezi wa saba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Ardhi ya mila, yaani karibu ardhi yote ya Fizi, ikaachwa isubiri amri ya Rais itakayosema inaongozwa vipi. Miongo ikapita bila amri hiyo. Chifu akabaki katikati: si mwenye ardhi tena kwa sheria, wala si mtumishi anayelipwa vizuri. Itulo ikaendelea, lakini sasa kila mwenye mhuri aliona ana haki nayo. Huduma za mifugo nazo zikafa polepole, majosho yakakauka, na mfugaji akabeba mwenyewe gharama ya dawa.

Vita vya 1996 na 1998 vilimaliza kilichobaki. Wakaaji wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo wa 1996, na Lugufu ikafuata. Huku nyuma, makundi ya silaha ya pande mbalimbali yaligundua kwamba njia ya ng'ombe ni njia ya pesa. Itulo ikalipwa kwa mwenye bunduki. Mara nyingine ililipwa mara mbili, kwa chifu na kwa kundi, na barieri juu yake. Shirika la Life & Peace Institute, lililotoa mwaka 2013 kitabu cha utafiti juu ya Fizi na Uvira, liliweka mambo matatu katika jina lake: jembe, ng'ombe na bunduki.

Kilichoharibika hapo ni kile kilichokuwa uti wa mgongo wa itulo. Mwenye bunduki anapokea, lakini haulizwi. Hakai kijijini kumsikiliza mama aliyepoteza muhogo wa mwaka mzima. Mfugaji amelipa, kwa hiyo anaona ana haki ya kupita. Mkulima hakuona chochote, kwa hiyo anaona amevamiwa. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna mtu wa kuwaamulia. Anayekata mguu wa ng'ombe kwa panga anasema analipiza shamba; anayechunga usiku na silaha begani anasema anajilinda.

Waliorudi

Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Familia nyingi zilirudi baada ya miaka tisa au zaidi, na shamba lisilolimwa miaka tisa si shamba tena, ni pori au ni malisho. Wengine walikuta ng'ombe pale mababu zao walipochimba muhogo, na wafugaji waliokuwa pale walisema, bila kudanganya, kwamba walikuta majani tu.

Hapo mchikichi ulisaidia kuliko karatasi. Kwa mila, mtu aliyekopeshwa shamba hapandi mti wa kudumu, kwa sababu anayepanda mti anadai ardhi. Kwa hiyo mstari wa michikichi mikongwe katikati ya pori ulikuwa ushahidi kwamba ukoo fulani ulikaa hapo. Mawe, makaburi, kona ya mto, vyote vilisimama mahakamani bila kusema. Mahali ambapo michikichi ilikuwa imechomwa, kesi zilikuwa ngumu.

Muhogo wenyewe ulikuwa mgonjwa. Mozaiki kali iliyotoka Uganda katika miaka ya 1990 ilikuwa imeshafika mashariki ya Kongo, majani yanajikunja na mizizi inabaki kama vidole. Waliorudi walihitaji mbegu safi kabla ya kuhitaji mkutano wa amani. Na mwaka 2015 Fizi iliwapokea wakimbizi wa Burundi kambini Lusenda, kisha Mulongwe, nao wanahitaji kuni, maji na mahali pa kulima. Watu waliokuwa wakimbizi jana walikata kipande cha ardhi na kuwapa wengine. Jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Katika miaka hiyo ya kurudi, mapatano yaliwezekana. Mashirika ya Kivu Kusini, kati yao ADEPAE, Arche d'Alliance na RIO, yalisaidia jamii kukaa pamoja na kupanga kiangazi kabla hakijafika: njia gani ng'ombe wapite, nani apokee itulo, hasara ya shamba ipimweje. Pale mapatano yaliposhikwa, hesabu ya hasara ilifanywa na agronome wa sekta mbele ya pande zote mbili, shina kwa shina, siku ileile kabla majani hayajanyauka. Kazi ndogo, ya daftari na kalamu, lakini mtu aliyelipwa muhogo wake hana haraka ya kwenda kuitafuta bunduki.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano wa namna nyingine, ambao baadhi ya waliokaa Tanzania waliusikia. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, majani yakue, kisha kifunguliwe kiangazi kikikaza. Mazoea hayo yalikuwa karibu kufa. Mradi wa serikali ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, uliyafufua hadi zaidi ya hekta 300,000 zikafungwa na kuota miti tena. Nguvu ya ngitili ni kwamba kila kipande kina mwenyewe, iwe familia au kijiji, na mwenyewe huyo anaweza kufunga. Katika nyanda za juu za Itombwe na Minembwe akiba kama hiyo ingepunguza idadi ya ng'ombe wanaolazimika kushuka. Lakini kufunga malisho kunataka uhakika kwamba mwakani utakuwa hapo kuyafungua.

Uhakika huo ndio uliokosekana tangu vita vya nyanda za juu vilivyowaka upya kuanzia 2017. Wizi wa ng'ombe umekuwa silaha ya vita, na vijiji vya jamii zote vimechomwa. Mwezi wa kumi 2021 wakaaji wa Bibokoboko walishuka hadi Baraka na walichoweza kubeba. Wafugaji wasio na ng'ombe na wakulima wasiofika mashambani wamejikuta wakipanga foleni kwenye bomba moja, wakinunua unga uleule uliopanda bei.

Huko juu na katikati, yapo mabonde ambayo zamani yalijaa kelele mwezi wa saba na sasa hayana muhogo wala ng'ombe. Majani yamekua hadi kifuani. Njia za zamani za ng'ombe, zile ambazo machifu walizionyesha na wazee wanaweza bado kuzitaja kwa majina kijito kwa kijito, zimefungwa na miti. Mashina ya muhogo yaliyoachwa yamekuwa miti mirefu, na mizizi yake chini imekuwa migumu isiyolika. Katika kambi na katika nyumba za kupanga Baraka, wazee wa pande zote mbili wanaozijua njia hizo wanazidi kupungua, na wachache kati yao wameandikiwa walichokijua.